Ahadi Iliyotolewa Dampo

Ukitaka kumjua mtu wa Wexcombe, usimtafute kanisani. Kanisani amejipamba. Njoo kwangu dampo Jumamosi asubuhi umwone akishuka garini na wiki yake nzima ndani ya mifuko. Huku milimani hakuna gari la taka linalopita mlangoni. Kila mtu anabeba za kwake, mwenye nacho na asiye nacho, anakuja mbele yangu na mimi namwelekeza: bati kule, karatasi hapa, chupa za kahawia pipa lile, nyeupe hili. Naitwa Lyle, mwangalizi wa dampo la mji, na sikatai kwamba ni mmbea. Kazi yenyewe ndiyo iliyonifundisha. Utakaaje mahali mji mzima unapoleta mabaki yake, halafu usitake kujua ya watu?

Kuna mmoja tu aliyenishinda kumjua, Delphine Rouleau. Taka zake zilikuwa mfuko mmoja wa nywele. Alikuwa na saluni sebuleni kwake, kiti kimoja na kioo kimoja, akiwakata wanaume kwa wanawake, na kila Jumamosi aliniletea nywele za mji mzima zimechanganyika, mvi na nyekundu, hata za watu walioachana zimelala pamoja. Wazazi wake walishuka kutoka Quebec, Kanada, kufanya kazi kiwanda cha karatasi. Mumewe Armand, Mungu amrehemu, aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani mpaka moyo wake uliposimama. Delphine mwenyewe ni mwanamke mfupi, mchache wa maneno. Ukimsimulia jambo anaendelea kukata, anasema "pole", anageuza kichwa chako kwa vidole viwili.

Ndiyo maana aliposema anagombea ujumbe wa bunge la jimbo nilibaki mdomo wazi. Mshahara wa mjumbe kwetu New Hampshire ni dola mia. Kwa mwaka, si kwa siku. Hautoshi hata mafuta ya kwenda Concord, makao ya bunge, mwezi mmoja.

"Unatafuta nini kule, Delphine?" nilimuuliza. "Sifa huzitaki, na maneno huna."

"Watu wanakaa kwenye kiti changu wananiambia shida zao," alisema. "Nimechoka kusema pole."

Kwetu mgombea asiyefika dampo asahau kura. Delphine alikuja na sinia ya donati alizokaanga mwenyewe, akasimama kando ya kibanda cha vitu vya bure, pale watu wanapoacha viti na baiskeli ili wengine wachukue. Na hapo ndipo Orrin Sanborn alipomfuata.

Lazima nikwambie kuhusu kodi, maana bila hiyo huwezi kumwelewa Orrin. Jimboni kwetu hatutozwi kodi ya mshahara wala ya dukani, na tunajivunia jambo hilo utadhani tumezaliwa nalo. Lakini shule lazima ziendeshwe, kwa hiyo mzigo wote unaiangukia nyumba yako na ardhi yako. Orrin alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, nyumba yake iko juu mgongoni mwa kilima, na ukikaa barazani kwake unaiona milima yote mpaka mpakani. Mthamini wa kodi alifika, akasimama barazani, akasifia sana mandhari, akanywa na kahawa. Barua ilipokuja, kodi ya Orrin ilikuwa imepanda kwa sababu ya hayo mandhari.

"Nalipia mlima!" Orrin alikuwa akipiga kelele pale dampo. "Mimi ndiye niliyeujenga? Kama una bei hiyo waje wauchukue!"

Watu walicheka. Vuli ile aliuza ng'ombe wake wa mwisho, na hakuna aliyecheka tena.

Basi alimfuata Delphine pale kibandani, kofia kichwani, mkono mmoja umeshika debe la majivu ya jiko. Kila mtu akasimama na mfuko wake mkononi.

"Delphine, ng'ombe wangu wameondoka. Imebaki nyumba. Niambie hapa hapa, mbele ya hawa. Utaongeza kodi?"

Delphine aliweka sinia chini.

"Sitaongeza, Orrin. Wala sitaleta mpya. Nimesema."

"Ahadi ni deni."

"Najua."

Kwetu karibu kila mgombea huapa hivyo, ni desturi, asiyeapa anajichimbia kaburi. Lakini wengi huapa kwenye mabango na jukwaani, wakiwa wamevaa tai. Yeye aliapa akimtazama mtu mmoja machoni, na unga wa sukari mikononi. Nikajisemea, ameshinda huyu, na kweli akashinda. Kwamba palepale alikuwa amejifunga kamba, hilo sikuliona.

Wajumbe wengi wakishachaguliwa hutawaona dampo mpaka uchaguzi mwingine. Delphine alirudi kila Jumamosi, mvua, theluji, matope, na sinia yake, akasimama palepale kusikiliza watu. Orrin hakukosa hata mara moja. Alimgombeza kuhusu mashimo ya barabara, kuhusu leseni za uwindaji, kuhusu paa la shule, na siku akikosa la kusema alimgombeza kuhusu hali ya hewa. Akimaliza anachukua donati, anaondoka amechangamka kama kijana.

Mwaka wake wa pili, yakaja mambo ya wodi. Hospitali ya ng'ambo ya daraja ilitangaza kwamba itafunga wodi ya wazazi mwezi wa sita, wazazi wachache na gharama kubwa. Baada ya hapo mwanamke wa Wexcombe mwenye uchungu atapelekwa hospitali ya upande wa pili wa mlima, kupitia Genge. Genge ni ile njia nyembamba kati ya miamba miwili, na majira ya baridi hufungwa na theluji inapotaka yenyewe. Bungeni ukaletwa muswada: kodi ya nyumba na ardhi iongezwe kidogo jimbo zima, sehemu ya fedha ziokoe wodi za milimani, sehemu ziajiri wasaidizi wa walimu katika shule ndogo.

Sasa sikia. Orrin alikuwa amempangisha chumba cha juu binti mmoja anaitwa Kelsie. Kelsie ni msaidizi wa mwalimu katika shule yetu ya msingi, mcheshi, hana mume, na alikuwa na mimba ya kujifungua mwezi wa nane. Muswada ule ulikuwa mtoto wake na kazi yake kwa pamoja. Na ulikuwa bili ya Orrin. Chini ya paa moja wanaishi watu wawili, na Delphine ana kidole kimoja cha kubonyezea kitufe cha kura.

Dampo likawa bunge. Watu walileta mfuko mmoja mmoja ili wapate sababu ya kurudi.

"Tukianza na hii kidogo, kesho watatoza hadi pumzi," alisema mmoja.

"Wewe mkeo alijifungulia wapi?" mwingine akamjibu. "Si wodi hiyo hiyo? Ulipita pale na puto mkononi unalia!"

"Sikulia. Mafua."

Nilimuuliza Delphine atapiga kura gani. Nilimuuliza asubuhi, nikamuuliza akiondoka, nikaenda kukatwa nywele kabla hazijakua ili nimuulize tena.

"Lyle," alisema, akanigeuza kichwa, "pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Jumamosi kabla ya kura alikuja bila donati. Akaniomba mapipa mawili matupu, akayasimamisha kando ya kibanda, akapanda juu ya kreti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile.

"Nilitoa neno langu hapa, kwa hiyo nakuja kuomba mnirudishie hapa. Mimi siwezi kujifungua ahadi ile mwenyewe. Pipa la kushoto: nifungueni, nipige kura kwa akili yangu. Pipa la kulia: nishike neno langu. Kila mtu chupa moja."

"Chupa gani?" nikauliza. "Za kahawia au nyeupe?"

"Yoyote."

"Delphine, utaniua! Miaka yote hii nawafundisha watu hawa kutenganisha—"

"Kaa kimya, Lyle."

Nikakaa kimya, lakini nilikasirika, sifichi. Watu wakapanga foleni. Chupa za bia, za siki, za dawa ya kikohozi, zote zikapasukia mle ndani rangi zote pamoja. Bwana mmoja anayekunywa mvinyo wa boksi hakuwa na chupa, akaenda kumwomba jirani yake.

"Nikupe chupa ukanipinge nayo?"

"Nisaidie tu, wewe si unasali?"

Akapewa, akampinga nayo. Kelsie alikuja na kopo la kioo la mchuzi wa nyanya, akalitupa kushoto, akajifuta mikono kwenye koti ambalo vifungo vilikuwa vimeanza kukataa kufungika. Alikaa kando kusubiri, kwa kuwa alikuja na gari la Orrin.

Orrin alikuwa wa mwisho. Alitoa chupa ya maziwa, ya kioo kinene, zile za zamani zenye jina la shamba lake. Hakuitupa kama wengine. Aliinama juu ya pipa la kulia akailaza taratibu mpaka mkono ukazama.

"Sikufungui," alimwambia Delphine. "Ningekuwa na uwezo ningekufungua. Bili inakuja kwa jina langu." Kisha akageuka kwa Kelsie. "Na wewe usiniangalie hivyo, mtoto."

"Nakusubiri tu twende, Orrin," Kelsie akasema. "Naumwa mgongo."

Haikuhitaji kuhesabu. Pipa la kulia lilikuwa limejaa, la kushoto limefika nusu. Delphine aliyatazama yote mawili, akasema "Ahsanteni," akashuka kwenye kreti akaenda nyumbani. Mimi nilibaki nachambua vioo kwa glovu, nikimlaani yeye na bunge lote.

Siku ya kura dampo limefungwa. Nikajialika kwenye gari lake. Nilisema nataka kuona jengo la bunge, na hakuna aliyedanganyika, hata mimi mwenyewe. Alijua nimekuja kuchungulia. Tulipoingia Genge, miamba pande zote mbili na theluji chafu imerundikwa kando, alipunguza mwendo.

"Hapa," alisema.

"Hapa kuna nini?"

"Kabla ile wodi haijafunguliwa, Armand alikuwa akitangulia na gari la theluji, nyuma yake gari la wagonjwa lenye mama mwenye uchungu. Theluji ikashuka kutoka juu ikaingia katikati yao, la wagonjwa likakwama, mama akahamishiwa kwa Armand. Alizalia kwenye kiti cha mbele. Armand ndiye aliyempokea mtoto."

Nilingoja. Alikuwa anatazama barabara.

"Na mtoto?"

"Alilia kidogo, akanyamaza," Delphine akasema. "Armand hakuwahi kuniambia zaidi ya hapo. Miaka yote niliyoishi naye, hakupita hapa bila kuvua kofia."

Tukaendelea na safari mpaka Concord.

Bunge letu lina wajumbe mia nne, wamebanana kwenye viti kama watu wa sinema, wakulima, walimu wastaafu, vijana wa chuo, wauza nyumba. Mimi nilikaa juu kwenye roshani ya wageni. Walihutubia wa kuunga mkono na wa kupinga mpaka makalio yangu yakafa ganzi. Mmoja alisema kodi ni wizi, mwingine akasema kifo ni wizi mkubwa zaidi, Spika akagonga meza. Halafu wakaambiwa wapige kura. Kura yenyewe ni kitufe tu mbele ya kiti, kijani au chekundu, na nilimkodolea macho Delphine mpaka yakatoka machozi. Nilichoona ni bega lake la kulia likishuka kidogo. Basi. Ubaoni zikaja hesabu, muswada umepita kwa kura chache, ukumbi ukanguruma, na mimi bado sijui.

Nilimkuta nje kwenye ngazi, anatafuta funguo za gari ndani ya mkoba.

"Niambie kabla sijafa," nikamwambia.

"Nimelivunja neno langu, Lyle."

"Lakini pipa la kulia lilijaa! Uliwaomba ruhusa wakakunyima!"

"Ndiyo. Wangekuwa wamenipa, lingekuwa jambo jepesi." Alizipata funguo. "Orrin anaweza kunichukia mpaka afe, nitamwelewa. Uchungu wa kuzaa hausubiri barabara isafishwe."

Nilimkasirikia na nikamwonea huruma kwa pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Jumamosi iliyofuata alikuja na sinia. Hakuna aliyegusa donati. Watu walipita mbele yake wakasoma maandishi ya kwenye mapipa yangu kana kwamba ni mapya. Orrin alifika, akaenda moja kwa moja mpaka kibandani.

"Umenidanganya."

"Ndiyo, Orrin."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo. Na ndiyo maana nimekuja kukwambia mbele ya watu."

"Ungefanya tena?"

"Hata leo."

"Novemba sikupi kura," alisema. "Nakwambia mapema, usije ukasema sikukwambia."

"Sawa."

Hakuchukua donati.

Saluni ikapoa. Wengine walikwenda kukatwa mji wa jirani, wakarudi na vichwa vya aibu, na mfuko wake wa nywele ukawa mdogo hata nikawa naupokea kwa mkono mmoja. Seneti, baraza la juu la bunge, nayo ikaupunguza muswada, ikaupunguza tena, mwishowe wodi ikapewa mwaka mmoja zaidi na shule msaidizi mmoja. Bili zilipotoka, Orrin alikuja kunisomea ya kwake kwa sauti, mstari kwa mstari, kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika.

Mwezi wa nane uchungu ulimshika Kelsie alfajiri. Wa kumpeleka alikuwa Orrin kwa pikapu yake, ng'ambo ya daraja, wodini. Kelsie alinisimulia mwenyewe, mtoto mgongoni, siku alipoleta maboksi ya nepi. Anasema yule mzee aliendesha mikono miwili kwenye usukani, jasho linamtoka, na njia nzima, kila uchungu ulipokuja, alikuwa akiongea juu ya kodi. Akaeleza bei ya mandhari. Akaeleza viwango vya kodi vya mji. "Nilimwambia, Orrin, nazaa! Akasema najua, najua, ndiyo maana naongea." Mtoto wa kike. Alilia sana, Kelsie anasema, mpaka mkunga akacheka.

Novemba Orrin alitimiza neno lake. Na wengine wengi pia. Delphine alishindwa na bwana muuza bima mwenye mabango makubwa na meno mazuri, aliyeapa juu ya kodi mara tatu kwenye hotuba moja. Nilidhani Jumamosi ile Delphine hataonekana. Alikuja mapema, na mfuko wake wa nywele, bila sinia, akaniuliza kama glovu zangu hazijatoboka.

Orrin akaingia. Akashusha bati zake, akashusha majivu yake, halafu miguu ikampeleka kibandani yenyewe. Akasimama pale. Alikuwa na barua mfukoni, niliiona ikichungulia, kuhusu daraja la mtoni ambalo jimbo linataka kulifunga kwa matengenezo. Akageuka kunitazama.

"Yule mpya yuko wapi?"

"Haji hapa," nikamwambia. "Amesema tumwandikie barua pepe."

"Barua pepe!" Alisema neno lile kama mtu aliyekuta jiwe kwenye maharage. Alitazama mahali sinia ilipokuwa ikikaa, kisha akamtazama Delphine, ambaye alikuwa anafungua mlango wa gari lake. "Sasa mimi nitamgombeza nani?"

Delphine hakugeuka mara moja.

"Ulinipigia kura, Orrin?"

"Sikukupigia. Nilikwambia."

"Uliniambia."

Orrin alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Delphine akafunga mlango wa gari. Akarudi taratibu kwenye matope yaliyoganda, akapita mapipa yangu, akasimama palepale kando ya kibanda, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Haya, anza," akasema. "Lakini leo hakuna donati."

Orrin akaanza na daraja.